Belladonna wa tuta moja: wa ukutani wanachanua, wa katikati wanatoa majani tu. Kwa nini?

#1 BuaTupu

Wadau wa maua, habari za kwenu.

Majira ya joto yakielekea ukingoni huwa nawasubiri Amaryllis belladonna kwa hamu, lile ua la waridi linalochomoza ardhini juu ya bua tupu, bila jani hata moja. Nina tuta lake la muda mrefu. Vitunguu vyote ni uzao wa kichaka kimoja na vilipandwa pamoja. Vilivyo chini ya ukuta vinachanua kila mwaka, mabua yamebanana hadi hayana pa kupita upepo. Vilivyo hatua chache tu kutoka hapo, katikati ya bustani, vinatoa majani tele wakati wa baridi, mapana, hayana doa. Joto likianza yanakauka kama inavyotakiwa. Halafu kimya, mpaka majani mengine.

Mimi nasema ni ukuta. Unapigwa na jua mchana kutwa, unahifadhi joto na kulirudisha usiku, kitunguu kinaiva. Kuna anayeona tofauti?

#2 Mzee wa Mboji

Salama mkuu. Kabla ya ukuta, niambie shingo za vitunguu vya katikati ziko wapi. Zinaonekana au zimezama? Belladonna si tulipu. Tulipu ukiifukia kina cha mara tatu ya kimo chake inatulia. Belladonna shingo yake inataka kukaa usawa wa udongo au ichungulie juu. Nimeona bustani nyingi ambako watu walizika kwa heshima zote, wakapata majani miaka nenda rudi.

#3 Umande

Mzee wa Mboji yuko sahihi kwa sehemu zisizo na baridi kali. Penye barafu ya kuuma, watu hukizika zaidi ya hapo ili kisigande, na bado kinachanua. Kwa hiyo kina peke yake hakitoshi kuwa jibu.

Halafu mkuu BuaTupu, hujasema uko nusu ipi ya dunia. Wengine tunaongea kuhusu Agosti na Septemba, wengine Februari na Machi. Mwezi ukitajwa humu bila hilo tutapotezana.

#4 Chavua

Naomba nirudishe swali nyuma kidogo. Ua unalolisubiri mwaka huu halianzi kutengenezwa mwaka huu. Kwenye ukoo huu wa amarilisi, kichipukizi cha ua huundwa ndani ya kitunguu muda mrefu kabla hujakiona. Chukua Nerine bowdenii, binamu yake: ukipasua kitunguu kilichokomaa kutoka shingoni hadi kitakoni, utakuta ua la msimu huu na dalili za ua la msimu ujao, kila moja limebanwa katikati ya magamba.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na majibu yake hayafanani. Je, kitunguu cha katikati kinashindwa kuunda ua kabisa? Au kinaliunda, kisha linakufa humo humo kabla ya kutoka? Kama hakiundi, tatizo liko kwenye majani ya miaka iliyopita: kivuli, chakula, kukatwa mapema. Kama linakufa njiani, tafuta joto, maji au mizizi.

Njia ya kujua ni moja, na inauma. Toa kafara kitunguu kimoja kikubwa, kipasue.

#5 Dada Petali

Chavua, umeniumiza moyo kabla hata kisu hakijatoka 😄

#6 Nyuki_Kazi

Mleta uzi, unamwagilia nini hapo katikati ya bustani? Huko anakotoka belladonna, pembe ya kusini magharibi ya Afrika Kusini, mvua inanyesha wakati wa baridi na majira ya joto ni makavu. Anakula mvua ya baridi, analala ukavu wa joto. Ukimnyeshea akiwa amelala unamvurugia ratiba. Naweka dau langu kwenye maji, ukuta hauna kesi.

#7 BuaTupu

Asanteni kwa haraka hii.

Mzee wa Mboji, za ukutani shingo ziko nje kabisa, unaweza kushika. Za katikati ziko usawa wa udongo, hazikuzama.

Nyuki_Kazi, umegusa. Katikati kuna dalia na gladiolasi, na hao siwezi kuwaacha na kiu. Mpira wa maji unafika kwa belladonna wa katikati. Wa ukutani wako chini ya ukingo wa paa, hata mvua huwafikia kwa shida.

Umande, niko nusu ya kaskazini. Maua yangu ni mwisho wa Agosti hadi Septemba.

#8 Nyuki_Kazi

Basi. Paa linazuia mvua, mpira hauwafikii. Kesi imekwisha, tufunge uzi.

#9 Kiwavi Mwekundu

Usifunge uzi wa watu mkuu. Belladonna wangu wako kando ya nyasi zinazomwagiliwa majira yote ya joto, jioni kwa jioni, na wanachanua kuliko maelezo. Udongo wangu ni kichanga, maji yanapita kama hayajawahi kuwepo. Kama maji yangekuwa muuaji, mimi nisingekuwa na hata bua.

#10 Nyuki_Kazi

Kichanga ndicho kinachokuokoa. Maji yanayopita na maji yanayotuama ni vitu viwili.

#11 Kiwavi Mwekundu

Sawa, lakini sasa umehama kutoka "usinyeshee" hadi "yasituame". Hizo ni hoja mbili.

#12 Tunguu la Kale

Ninaongeza kitu ambacho hakijatajwa: moto. Kwao porini belladonna hukaa miaka mingi chini ya vichaka bila kutoa ua, halafu moto wa majira ya joto ukipita eneo zima linageuka waridi. Wataalamu wa mimea ya Rasi (Cape) ya Afrika Kusini wameliandika hilo sana. Kwa hiyo ua la ghafla baada ya miaka ya ukimya liko kwenye asili yake. Kitunguu kinaweza kusubiri.

Na kuna ndugu yake, Cyrtanthus ventricosus, ambaye yeye huchanua karibu tu baada ya moto, na imeonekana kwamba kinachomwamsha ni moshi wenyewe. Ndani ya siku chache bua jekundu limetoka kwenye majivu.

#13 Dada Petali

Mleta uzi tafadhali usichome bustani kabla hatujamaliza kujadili.

#14 Chavua

Tunguu la Kale, nakubali sehemu ya kwanza, ila tusimvike belladonna joho la Cyrtanthus. Belladonna huchanua bustanini dunia nzima bila moshi wowote. Kwa hiyo kwake moshi si sharti. Moto unafanya mambo mengi kwa mpigo: unaondoa kichaka kilichokuwa juu, mwanga unafika, ardhi inapata joto, majivu yanaanguka, ushindani wa mizizi unapungua. Ni lipi kati ya hayo linalomwamsha? Mtu anaweza kuchagua analolipenda na asipingwe kirahisi.

Hata hivyo moshi si hadithi tupu kwa wakulima wa maua. Kwenye visiwa vya Scilly, Uingereza, wakulima wa Narcissus tazetta walizoea kuchoma majani makavu juu ya mashamba wakati vitunguu vimelala, maua yakawahi na yakaongezeka. Baadaye wakaanza kufunika matuta kwa plastiki na kupitisha moshi chini yake. Kinachofanya kazi humo ni ethilini, gesi ile ile inayoivisha matunda.

#15 Mpanda Dalia

Ethilini! Basi tukifukia maganda ya ndizi mbivu karibu na vitunguu?

#16 Chavua

Wazi hewani gesi inapotea mara moja. Usijisumbue.

#17 Mpanda Dalia

Haya. Lakini ndugu zangu mbona hakuna anayesema kuhusu dalia? Mwisho wa majira ya joto ndiyo kitunguu chenye raha kuliko vyote. Unapanda udongo ukishapata joto, anachanua mpaka baridi imkamate.

#18 Umande

Dalia si kitunguu mkuu, nasema kwa upendo. Ni mizizi iliyonenepa. Macho yake yako pale tu mizizi inapokutana na shina la zamani. Ukimkatia mtu kiazi kizuri, kinono, kisicho na kipande cha hiyo shingo, umempa kiazi kitakachokaa ardhini mpaka kioze.

#19 Mpanda Dalia

Kwenye duka la bustani wanakaa rafu moja na vitunguu, kwangu ni kitunguu cha heshima. Na ni ua la taifa la Mexico tangu 1963, tuwape nafasi.

#20 Mzee wa Mboji

Kwa kuwa tumeingia huko, gladiolasi naye si kitunguu cha magamba. Ni shina lililovimba. Kila mwaka la zamani linasinyaa na jipya linakaa juu yake, na pembeni vinazaliwa vidogo vingi kama njegere. Ndiyo maana ukimkata ua ni lazima umwachie majani manne hivi, vinginevyo tunguu jipya litakuwa dogo na mwakani hutaona kitu.

BuaTupu, unasema nao wako katikati ya bustani. Wanachanua mwisho wa majira au katikati?

#21 BuaTupu

Mzee wangu, napanda kwa mafungu, wiki mbili mbili, ili wasiishe kwa mkupuo. Fungu la mwisho linachanua sambamba na belladonna wa ukutani, na hapo ndipo bustani inakuwa tamu.

#22 Mzee wa Mboji

Vizuri sana. Hesabu ni siku 70 hadi 90 tangu kupanda, kutegemea aina na joto, kwa hiyo anayetaka maua ya mwisho wa majira ahesabu kurudi nyuma. Kina kisipungue sentimita 10, la sivyo wanalala chali upepo ukija. Na chunguzeni thripsi. Majani yakiwa na michirizi ya rangi ya fedha na maua yakishindwa kufunguka, wadudu wameshahamia. Wanajificha ndani ya maganda ya matunguu stoo. Stoo ya nyuzijoto 2 hadi 4 kwa wiki sita hivi inawamaliza.

#23 Mwanafunzi wa Udongo

Narudi kwa ukuta. Umejengwa kwa nini, mkuu? Kama ni matofali ya zamani yaliyounganishwa kwa chokaa, chokaa inachuruzika kidogo kidogo na kubadilisha udongo ulio chini yake. Huenda vitunguu vya ukutani vinakaa kwenye udongo usio na tindikali na vya katikati viko kwenye tindikali. Pima pH pande zote mbili kabla ya kubishana kuhusu maji.

#24 Tunguu la Kale

Hili silipi uzito. Kwao belladonna anaota kwenye udongo wa kichanga ambao sehemu nyingi una tindikali na ni maskini wa chakula. Chokaa haiwezi kuwa anachokililia.

#25 Mwanafunzi wa Udongo

Maskini wa chakula, umesema mwenyewe. Basi angalia upande huo. Dalia wanalishwa, sivyo? Mbolea ya dalia inamfikia belladonna wa katikati. Naitrojeni nyingi, majani mapana "yasiyo na doa", maua hakuna. Maelezo ya mleta uzi kuhusu majani yale yananifanya niwaze naitrojeni.

#26 Nyuki_Kazi

Lakini dalia wanalishwa wakati wa joto, belladonna amelala, hana jani. Anakulaje?

#27 Mwanafunzi wa Udongo

Mizizi yake haifi anapolala. Ni minene, ya kudumu. Na mbolea isiyotumika inaweza kubaki udongoni mpaka majani yatoke.

#28 Dada Petali

Samahani kwa swali la msingi. Kuna uhakika wote ni belladonna? Jina la amarilisi limebeba mimea mingi. Wale wa kwenye vyungu vya ndani, wenye ua jekundu kubwa, ni Hippeastrum kutoka Amerika ya Kusini, na madukani wanaitwa amarilisi mpaka leo.

#29 Chavua

Swali zuri sana, na si la msingi hata kidogo. Mabishano ya nani aitwe Amaryllis yaliendelea miongo mingi, mpaka Kongamano la Kimataifa la Botania la mwaka 1987 lilipoamua jina libaki kwa mmea wa Afrika Kusini.

Kuwatofautisha ni rahisi ukiwa na bua mkononi: la Hippeastrum lina uwazi ndani kama mrija, la belladonna limejaa. Mbegu pia. Za Hippeastrum ni bapa, nyeusi, nyepesi kama karatasi. Za belladonna ni nene, zina maji, mara nyingi zina wekundu kidogo.

#30 BuaTupu

Dada Petali, vyote ni uzao wa kichaka kimoja, mabua yamejaa ndani, majani yanafuata maua. Ni belladonna.

#31 Kivuko

Nimesoma uzi wote. Naomba kuuliza kwa niaba yetu tunaoishi karibu na ikweta, ambako hakuna majira ya joto wala ya baridi ya kueleweka, kuna mvua na ukame tu. Nilipata vitunguu vya belladonna, vinatoa majani ovyo, ua sijaliona. Nisubiri au niache?

#32 Tunguu la Kale

Mkuu Kivuko, belladonna anasoma saa kwa baridi yenye mvua na joto lenye ukavu. Ukanda wako unampa mvua pamoja na joto, saa inachanganyikiwa. Penye mwinuko mkubwa na usiku wa baridi unaweza kujaribu, mahali pakavu chini ya paa. Lakini kwa moyo wangu wote nakushauri uwatazame wa kwenu. Scadoxus multiflorus, lile tufe jekundu la nyuzi nyuzi, linaamka mvua zinapoanza. Crinum wa Afrika wako wengi na wana harufu ya jioni. Gladiolus dalenii anaota porini sehemu kubwa ya Afrika ya kitropiki. Hawa wanafuata mvua, na mvua unayo.

#33 Umande

Na Zephyranthes candida. Asili yake Argentina na Uruguay, maua meupe madogo, anakaa kimya halafu mvua kubwa ikinyesha baada ya ukavu anafunguka tuta zima. Kwenye chungu unaweza kumdanganya: mkaushe, kisha mloweshe.

#34 Mpanda Dalia

Kivuko, usimsahau Gloriosa superba. Anapanda kwa ncha za majani, ua lake ni moto mtupu.

#35 Mzee wa Mboji

Anayempanda Gloriosa ajue mambo mawili. Kiazi chake kina jicho nchani tu, ukiivunja ncha umemaliza. Na kina kolichisini, sumu inayoua mtu. Penye watoto wanaochimba chimba udongo, mimi singempanda.

#36 Kivuko

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Asanteni sana.

#37 Kiwavi Mwekundu

Turudi kwa mleta mada. Vitunguu vya katikati vimewahi kung'olewa au kugawanywa? Belladonna akiguswa mizizi hununa. Anaweza kuruka mwaka, miwili, hata zaidi.

#38 BuaTupu

Havijaguswa tangu vilipopandwa. Ila tunapochimba dalia kila mwaka kwenda kuwahifadhi stoo, uma wa kuchimbia unapita karibu.

#39 Kiwavi Mwekundu

😮 Na hukulisema hilo mpaka sasa! Dalia wanachimbwa vuli, baada ya baridi ya kwanza kuwaunguza, sivyo? Wakati huo belladonna anasukuma majani na mizizi inafanya kazi kwa nguvu zote. Kila mwaka unamkata mizizi anapoihitaji zaidi. Kwangu hili linazidi maji, linazidi ukuta.

#40 Nyuki_Kazi

Majani yangeonyesha. Mmea uliokatwa mizizi kila mwaka hautoi majani mapana yasiyo na doa.

#41 Shamba Dogo

Naunga mkono msongamano. Wa ukutani mleta uzi amesema wamebanana. Vitunguu vya ukoo huu vinapenda kubanana, ndiyo vinachanua. Nerine kila mtu anajua.

#42 Chavua

"Kila mtu anajua" naomba tuiangalie. Kichaka kilichobanana ni kichaka cha zamani, kisichoguswa, chenye vitunguu vikubwa vilivyosukumana hadi juu ya udongo na kupata jua. Kinachanua kwa kubanana, au kwa umri na jua? Watu huona maua na msongamano pamoja, wanauita mmoja mama wa mwenzake. Kuna Nerine waliopandwa kwa nafasi ambao wanachanua vizuri tu wakishatulia.

#43 Shamba Dogo

Wa kwangu nilipowagawanya waliacha kuchanua.

#44 Chavua

Ulipowagawanya uliwakata mizizi pia. Umebadilisha vitu viwili kwa pamoja.

#45 Likorisi Mwekundu

Mimi nafuga Lycoris radiata, na wao ni kioo kizuri cha jambo hili. Tabia ni ile ile, bua kwanza, majani baadaye, kilele chao mwisho wa joto hadi mwanzo wa vuli. Lakini kwao Asia Mashariki majira ya joto yana mvua nyingi, na mara nyingi ni baada ya mvua kubwa ndipo wanachomoza wote siku moja. Kwa hiyo "bua tupu linataka ukavu" si kanuni ya wote.

#46 Mpanda Dalia

Kwa hiyo Lycoris wote hutoa majani baada ya maua kama belladonna?

#47 Likorisi Mwekundu

Hapana. Radiata majani yake yanafuata maua vuli na kukaa baridi yote. Squamigera anasubiri hadi majira ya kuchipua ndipo atoe majani, ndiyo maana anastahimili sehemu za baridi kali kuliko mwenzake. Ukinunua bila kujua unaye yupi, utadhani amekufa.

#48 BuaTupu

Wadau, nimefanya alichosema Chavua. Nilichimba kitunguu kimoja kikubwa cha katikati na kukipasua kutoka shingoni hadi kitakoni. Kitako kizima, magamba meupe, hakuna kuoza, hakuna funza. Katikati ya magamba nimekuta kitu chembamba cha kahawia, kikavu, kimebanwa kama utepe. Upande wa ndani zaidi, karibu na kiini, kuna kingine kidogo, kibichi, rangi ya maziwa.

#49 Chavua

Hongera kwa moyo huo. Utepe wa kahawia nausoma kama ua lililoundwa likafa. Kibichi cha ndani nakisoma kama ua la msimu ujao. Basi kitunguu chako kinaunda maua. Majani yanafanya kazi yake, na nadharia za kivuli na njaa zinapungua uzito. Kuna kitu kinaliua kati ya majira ya joto na kutoka kwake.

#50 Nyuki_Kazi

Maji. Nilisema.

#51 Kiwavi Mwekundu

Au mizizi iliyokatwa na uma vuli iliyotangulia, ikashindwa kulisukuma bua majira ya joto.

#52 BuaTupu

Au joto pungufu. Ukuta bado uko kwenye kesi.

#53 Mwanafunzi wa Udongo

Kitunguu kimoja si tuta zima. Jirani yake anaweza kuwa na hadithi nyingine. Na ningependa kujua kwamba huo utepe si mabaki ya gamba kuu kuu, maana magamba ya zamani nayo hukauka kahawia.

#54 Chavua

Haki yako. Gamba linazunguka kitunguu, ua linakaa upande mmoja na kileleni lina vichwa vidogo ndani ya kifuniko. BuaTupu, ukitumia kioo cha kukuza, fungua ncha ya huo utepe uone kama kuna vichwa.

#55 Mzee wa Mboji

Na unawe mikono, mkuu. Utomvu wa belladonna una likorini, inatapisha, na wengine inawawasha ngozi. Vipande usivitupe mahali mbwa anapofika.

#56 BuaTupu

Nimevaa glavu mzee wangu. Ncha imesagika, sikuweza kuona vichwa kwa uhakika. Hiki cha ndani kibichi kina vichwa, hilo naliona.

#57 Umande

Pendekezo langu: gawa belladonna wa katikati kwa alama za vijiti. Fungu moja liwekee kifuniko cha kuzuia maji majira yote ya joto, lakini uma uendelee kupita. Fungu la pili limwagiliwe kama kawaida, lakini dalia wa jirani yake wahamishwe ili pasichimbwe. La tatu lilaze vipande vya tofali au mawe bapa katikati ya vitunguu, yahifadhi joto. La nne usiliguse. Itachukua zaidi ya msimu mmoja, maana kama alivyosema Chavua kwenye #4, ua la mwakani limeshaanza.

#58 Tunguu la Kale

Pendekezo zuri, ila mawe yatazuia mvuke pia, udongo utabaki na unyevu. Utakuwa umebadilisha joto na maji kwa pamoja.

#59 Umande

Kweli. Basi mawe yasimame wima nyuma ya vitunguu, yasifunike udongo.

#60 Dada Petali

Na dalia wakihamishwa, hapo pembeni apandwe nani? Bua tupu linahitaji mwenzake wa chini, la sivyo udongo mtupu unaonekana.

#61 Likorisi Mwekundu

Nerine bowdenii. Anapenda jua hilo hilo, na anaanza belladonna anapomaliza. Gladiolus murielae angependeza kwa harufu na doa lake la zambarau kooni, lakini anataka maji na anakawia kuliko gladiolasi wa kawaida, utarudi kwenye tatizo lile lile.

#62 Shamba Dogo

Kuna mseto pia, Amarcrinum, wa belladonna na Crinum moorei. Waridi, harufu nzuri, anachanua mwisho wa joto na hakai uchi kwa sababu majani yake yanadumu. Na hanuni ukimwagilia.

#63 BuaTupu

Shamba Dogo, huyo simfahamu. Anatoa mbegu au ni vitunguu vya pembeni tu?

#64 Shamba Dogo

Vitunguu vya pembeni. Mbegu sijawahi kuona kwake.

#65 Kivuko

Huyo kwa ukanda wetu anaweza, au naye anasoma saa ya baridi?